Mke yuko kwenye kemo: mume, leo ni siku ya ngapi?

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza: "Mke wangu ana miaka 43. Alifanyiwa upasuaji wa titi, na wiki ijayo anaanza kemo, yaani kuchomwa dawa za saratani kwa dripu, pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mizunguko minane, kila baada ya wiki tatu. Kila mtu ananiambia nimtie moyo, lakini hakuna anayeniambia nifanye nini hasa. Nimeajiriwa kiwandani, tuna watoto wawili wa shule, na shemeji zangu wanasema aachane na dripu anywe majani ya mstafeli. Halafu, nisifiche, naogopa hata kumgusa. Nisaidieni."

Pole kwa kuuguza, ndugu yetu.

Watu wa kumtia moyo mkeo atawapata wengi: kwenye ibada, kazini kwake, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Asiyempata kirahisi, na ambaye hospitali haiwezi kumpa, ni mtu wa nyumbani anayejua kwamba leo ni siku ya tisa, joto la asubuhi lilikuwa 36.8, choo alipata juzi, na kidonge cha saa mbili usiku bado hajameza. Mtu huyo uwe wewe. Karibu yote yatakayofuata hapa yanatokana na hilo.

Hesabu iko hivi. Siku anayochomwa dawa ndiyo siku ya 1. Mzunguko una siku 21, na mwili hupitia vituo vilevile karibu kila mara: siku ya 1 hadi ya 5 kichefuchefu na uchovu, siku ya 7 hadi ya 14 kinga iko chini kabisa, siku ya 15 hadi ya 21 anarudi kuwa yeye. Nunua kaunta buku, kila siku ukurasa wake, juu uandike tarehe na namba ya siku. Chini yake joto la asubuhi na jioni, alichokula na kunywa, ametapika mara ngapi, choo, maumivu, dawa na saa aliyomeza. Uzito mara moja kwa wiki, mzani uleule.

Faida ya daftari utaiona kliniki. Daktari atamuuliza, "Mzunguko uliopita ulikuwaje?" Naye, kwa adabu na kwa sababu siku hiyo ya 21 anajisikia vizuri, atajibu, "Nashukuru Mungu, salama tu." Hapo hakuna kitakachobadilishwa. Wewe ukifungua daftari ukasema, "Siku ya 3 alitapika mara sita, na kilo mbili zimepungua," dawa za kuzuia kutapika zitaongezwa au kubadilishwa papo hapo.

Mizunguko minane ya saratani ya titi mara nyingi hugawanywa hivi: minne ya mwanzo ni doxorubicin na cyclophosphamide, wataalamu huita AC, minne ya mwisho ni paclitaxel. Mwombe daktari akuandikie majina ya dawa za mkeo kwenye jalada la hilo daftari, maana kila dawa ina vituko vyake. Hapa tunajibu tukichukulia ni hizo.

Wiki hii, kabla dripu haijaanza, tafuta kipimajoto cha kidijitali kinachofanya kazi (kijaribu kwako mwenyewe kwanza), boksi la glavu, ndoo yenye mfuniko iwe ya kutapikia tu, pakiti kadhaa za ORS, mswaki laini, na chupa ya maji ya lita moja ili ujue anakunywa kiasi gani. Mwombe daktari pia barua fupi au nakala ya kadi inayosema mgonjwa yuko kwenye kemo, dawa gani, na namba ya simu ya wodi au kliniki. Ipige picha, na nakala ya karatasi ikae kwenye pochi yake. Sababu ya barua hiyo utaiona hivi punde, kwenye homa.

Kila mzunguko unatanguliwa na kipimo cha kuhesabu chembe za damu, FBP. Kinachoangaliwa zaidi ni chembe nyeupe zinazoitwa neutrofili, ambazo kwa kawaida hutakiwa zifike 1.0 hadi 1.5 kwenye karatasi ya majibu, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zifike 100. Kwa kuwa mnatoka Morogoro, muulize daktari kama damu inaweza kupimwa huko siku moja au mbili kabla, mkamtumia majibu. Vinginevyo mnaweza kusafiri hadi Dar mkaambiwa rudini wiki ijayo. Mkiambiwa hivyo, msigombane na nesi, wala msione saratani imepata mwanya. Kuahirisha wiki moja ili chembe zipande ni jambo la kawaida. Na hapa watu watawaletea juisi ya rozela na bitiruti "ya kuongeza damu". Anywe akipenda, ilimradi maji yalichemshwa, lakini haipandishi chembe nyeupe. Zinapanda kwa muda, au kwa sindano ya filgrastim kama daktari ataona inahitajika.

Mkipewa sindano hizo mkachomewe nyumbani, zibebeni kama mnavyobeba chanjo: nyuzi 2 hadi 8, ndani ya kiboksi cha baridi, sindano ikiwa imezungushiwa kitambaa ili isigusane na barafu. Isigande. Isitikiswe. Huanza kuchomwa angalau saa 24 baada ya kemo, kamwe si siku ileile kwa sababu eti mmeona bora kumaliza yote pamoja. Mifupa ya kiuno na mgongo ikimuuma baada yake, ndiyo kazi ya dawa.

Siku ya dripu ale kifungua kinywa chepesi, avae nguo yenye mikono mipana. Kaa upande wa mkono wenye kanula, kile kimrija cha dripu. Doxorubicin ni nyekundu kama sharubati, na ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama hadi kuacha kidonda. Akisema panawasha, panauma, au ukaona pamevimba, usingoje dripu iishe na usione aibu kumsumbua nesi. Mwite palepale. Mkojo wake utakuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa kwa siku moja au mbili; mwambie mapema, asije akadhani ni damu. Cyclophosphamide nayo huchubua kibofu, hivyo siku hiyo na mbili zinazofuata anywe lita mbili au zaidi na akojoe mara kwa mara, hata kabla ya kulala.

Kurudi Morogoro, kama mnaweza, laleni Dar usiku mmoja. Kisha treni ya SGR ina nafuu kuliko basi: kuna choo, anaweza kunyoosha miguu, na hakuna dereva wa kumwomba asimame. Mkipanda basi, kaeni mbele, mifuko miwili ya plastiki mkononi.

Kwa saa 48 baada ya dripu, matapishi, mkojo na kinyesi vina mabaki ya dawa. Anayesafisha avae glavu, ndiyo maana umenunua. Choo cha kuvuta kifunikwe na kuvutwa mara mbili. Cha shimo kimwagiwe maji ya kutosha na kifunikwe. Mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake. Kama dada wa kazi au ndugu anayesaidia ni mjamzito, kazi hiyo asiifanye.

Sasa, hofu yako ya kumgusa. Saratani haiambukizi, na dawa haitoki kwenye ngozi kwa kukumbatiana. Mlale kitanda kimoja, mle sahani moja kama ndivyo mlivyozoea, watoto wampande mapajani. Tahadhari ni kwenye maji ya mwili tu, na kwa siku zile za mwanzo. Ukianza kumtengea kikombe chake, atasoma mengi kwenye kikombe hicho.

Kichefuchefu kina siri moja: dawa yake inazuia, haitibu vizuri kilichokwisha anza. Kosa tunaloliona mara nyingi ni la mgonjwa kujisikia vizuri siku ya 1, akaamua "sitaki kumeza dawa nyingi," akaacha vidonge. Siku ya 3 anatapika hadi nyongo. Kichefuchefu cha AC huchelewa kuja na kinaweza kudumu hadi siku ya 5. Mpe kama alivyoandikiwa, kwa saa, akisikia asisikie. Ondansetron, moja ya dawa hizo za kuzuia kutapika, inafunga choo. Kwa hiyo tangu siku ya 1 aongeze maji na paipai, na siku mbili zikipita bila choo pigeni simu kliniki waulize dawa ya kulainisha. Msimweke bomba la sabuni wala dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa, maana mchubuko mdogo huko, kinga ikishuka, ni mlango wa vijidudu.

Dexamethasone, kidonge kidogo anachopewa kwa ajili ya kutapika, kina tabia ya kumbadilisha mtu. Mashavu yanaiva, usingizi unakata, saa nane usiku anataka kupanga kabati. Anaweza kuwa mkali. Apewe asubuhi, si jioni, isipokuwa daktari ameelekeza vingine. Kikiisha, siku ya 4 au ya 5, anaanguka: machozi bila sababu, mwili mzito. Wanaume wengi hugombana na wake zao siku ya 2 na kuogopa siku ya 5, bila kujua kwamba sehemu kubwa ya yote mawili ni kidonge. Ndiyo maana namba ya siku iandikwe juu ya ukurasa.

Chakula. Siku za mwanzo ni harufu inayomshinda kabla ya chakula chenyewe. Mafuta ya moto na vitunguu vinavyokaangwa vikae mbali naye. Pika nje au wakati amelala. Mpe vitu vya vuguvugu au baridi, kidogo kila baada ya saa mbili: uji mwepesi, ndizi, viazi vya kuchemsha, mtori uliopoa. Maji ya tangawizi na ndimu yanasaidia wengi. Akisema kijiko kina ladha ya chuma, mpe cha plastiki au cha mbao. Usisimame juu ya kichwa chake ukihesabu matonge. Weka, ondoka, rudi baada ya nusu saa.

Kuanzia siku ya 5 au ya 6 lengo ni protini, kwa sababu ndiyo inayojenga upya alichobomolewa. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 70 hadi 90 kwa siku. Hesabu ya jikoni: mayai mawili 12, glasi mbili za maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kama 25, vijiko viwili vya karanga iliyosagwa kwenye uji 7. Jumla 75, bila kununua unga wa kopo wa bei mbaya. Kuhusu unga wa lishe wa mchanganyiko wa nafaka kumi, wasiwasi wetu ni sumukuvu: karanga na mahindi yaliyokaa vibaya huota ukungu usioonekana ukishasagwa. Chagueni karanga wenyewe, toeni zilizosinyaa na nyeusi, sageni kidogo kidogo. Mtu atakuambia sukari inalisha saratani, hivyo asile wanga kabisa. Mgonjwa anayekondeshwa kwa ushauri huo hushindwa kumaliza dawa. Ale wali wake.

Vilivyo haramu kwake kwa kipindi chote cha dawa ni vibichi na vilivyolala: mayai yasiyoiva, maziwa ambayo hayajachemshwa na mtindi wa mtaani uliotokana nayo, mishkaki yenye damu, juisi ya barabarani, kiporo kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili. Matunda ya kumenya ni salama zaidi kuliko ya kuuma na ganda. Kachumbari, kama hawezi kuishi bila hiyo, ioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kuliwa palepale. Na balungi lisiliwe, linavuruga jinsi ini linavyoshughulikia dawa kadhaa.

Kinywa kikianza kuchubuka, kwa kawaida wiki ya pili, asukutue mara nne hadi sita kwa siku: maji lita moja yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kimoja cha soda ya kuokea. Si magadi, ambayo ni makali, na si hamira. Dawa ya kusukutua ya dukani yenye spiriti itamchoma bure. Pilipili ipumzike.

Tumefika siku ya 7 hadi ya 14, na hapa tutakaa kidogo.

Katika siku hizo neutrofili zinaweza kushuka chini ya 0.5, na mwili unakuwa hauna askari. Kidudu kinachoishi kwenye utumbo wake mwenyewe bila ubaya kinaweza kuingia kwenye damu na kumuua ndani ya saa chache. Hakuna usaha, hakuna uvimbe, kwa sababu usaha wenyewe unatengenezwa na hizo chembe zisizokuwepo. Dalili pekee mara nyingi ni joto. Mpime asubuhi na jioni, na kila anapohisi baridi au mwili kuchemka. Chini ya ulimi, dakika 30 hivi baada ya kunywa kitu. Joto likifika 38 na kubaki hapo saa nzima, au likifika 38.3 mara moja tu, ni dharura, iwe saa saba mchana au saa tisa usiku. Kipimo cha kwapani husoma chini kama nusu nyuzi, kwa hiyo ukipima huko, 37.5 iwe ya kukutoa kitini. Na akitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakisemi kitu, nendeni.

Usimpe Panadol kwanza "tuone". Panadol itashusha namba, haitagusa maambukizi, na mtafika hospitali kesho yake mgonjwa akiwa na presha iliyoporomoka. Akipewa paracetamol kwa maumivu siku hizi, apimwe joto kabla ya kumeza.

Kosa la pili ni la kwetu hasa, kwa sababu tunaishi kwenye malaria. Mtu ana homa, anakwenda zahanati ya jirani, anachomwa kidole, anapewa dawa mseto, anarudi nyumbani. Kwa mgonjwa wa kemo, kipimo cha malaria kikiwa chanya, bado anahitaji FBP. Kikiwa hasi, ndiyo anaihitaji zaidi. Anachotakiwa kupata ni antibaiotiki ya mshipani, haraka: lengo la hospitali duniani ni ndani ya saa moja tangu afike. Kwa hiyo usipite zahanati. Nenda moja kwa moja hospitali yenye maabara na wodi, kwa Morogoro ni ile ya rufaa ya mkoa, na usianze safari ya Dar na mtu mwenye homa. Mapokezi toa ile barua na useme maneno haya, kwa sauti: "Mgonjwa yuko kwenye kemo ya saratani, leo ni siku ya kumi, ana joto 38.4." Sentensi hiyo inamtoa kwenye foleni. "Ana homa kidogo" inamweka nyuma ya watu thelathini. Kama wataamua kumpa pia dawa mseto, waambie anatumia ondansetron, kwa kuwa zote mbili zinagusa mapigo ya moyo na wao wataamua cha kufanya. Kisha piga simu Ocean Road, wazungumze daktari kwa daktari.

Teksi au bodaboda ya usiku uipange sasa. Namba mbili za dereva zikae kwenye jalada la daftari.

Dalili nyingine za kutokungoja, siku yoyote: kushindwa kupumua au maumivu ya kifua, damu isiyokoma puani au kwenye fizi, madoa mekundu madogo kwenye ngozi, kutapika hadi hata maji hayakai kwa saa 24, kuharisha zaidi ya mara nne juu ya kawaida yake, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuchanganyikiwa.

Wageni ndio mtihani mwingine wa wiki hii. Kwetu mgonjwa huonwa, na asiyekuja huhesabiwa. Lakini mtu mwenye mafua akimshika mkono siku ya 10, hiyo si heshima. Usimwache mkeo ndiye awakatalie. Atashindwa, hasa kwa mama yake na wakwe. Andika wewe, utume kwenye makundi yote: "Habari za leo ndugu zetu. Daktari amesema wiki hii kinga ya mama wa hapa iko chini, asikae na watu wengi. Tunapokea salamu na dua. Kuanzia tarehe 20 karibuni sana nyumbani." Tarehe ni muhimu: anayeambiwa lini aje haoni amefukuzwa. Mama mkwe akija kuuguza, mpokee kwa mikono miwili, mwonyeshe sabuni ilipo, na umkabidhi jambo moja liwe lake kabisa, kwa mfano chakula cha mchana. Watoto wanawe mikono wakitoka shule kabla ya kumkimbilia.

Nywele zitaanza kudondoka kati ya siku ya 14 na ya 21 ya mzunguko wa kwanza, kwa mafungu, kwenye mto na bafuni. AC haina huruma hapo. Muulize kabla kama angependa kunyoa mapema; wengine hupenda, wengine huona ni kujichulia. Akiamua, mnyoe wewe kwa mashine, si wembe. Kope na nyusi nazo huenda.

Siku ya 15 hadi ya 21 ni za kuishi. Harusi ya jirani, ibada, kutembea jioni, na unyumba kama anataka. Kondomu itumike angalau siku tatu baada ya kila dripu kwa ajili ya mabaki ya dawa, na siku za kinga kuwa chini mpumzike. Hedhi ikikatika msidhani mimba haiwezekani; inawezekana, na dawa hizi zinaharibu kiumbe. Vidonge vya majira, sindano na vipandikizi vina homoni, ambazo saratani nyingi za titi hujilisha kwazo, hivyo kama ana kipandikizi mkononi daktari ajue leo. Ukavu ukiwepo tumieni kilainishi cha maji; Vaseline inapasua kondomu. Kovu lake asipotaka lionekane, akae na kanga yake. Siku atakayoiondoa, usigeuze macho na usitoe hotuba.

Mizunguko ya paclitaxel ni habari nyingine. Kutapika kunapungua sana, ila kuna mambo mawili. Mzio unaweza kuja ndani ya dakika za kwanza za dripu, uso ukiiva au pumzi ikibana, hivyo usiende kununua maji wakati huo. Kama ameandikiwa vidonge vya dexamethasone vya kumeza usiku na asubuhi kabla ya kwenda, ni vya kuzuia mzio huo; akisahau hata kimoja, semeni kabla dripu haijafungwa. Pili, siku ya 2 hadi ya 4 viungo na misuli humuuma, na polepole ganzi huanza kwenye ncha za vidole. Kila wiki muulize: unaweza kufunga vifungo vya blauzi? Kandambili inakuvuka bila kujua? Akianza kushindwa, andika na umwambie daktari mapema, kwa sababu dozi inaweza kupunguzwa, lakini ganzi iliyoachwa ikakomaa huenda isirudi yote. Maji ya moto ya kuoga uyapime wewe kwa kiwiko.

Hapo ndipo majani ya mstafeli yanapoingia. Kwa shemeji zako usiende na dharau, wanampenda dada yao. Waambie hivi: paclitaxel yenyewe ilitolewa kwenye magome ya mti unaoota Marekani, kwa hiyo hakuna anayedharau miti. Tofauti ni kwamba dozi yake inapimwa kwa miligramu kufuatana na urefu na uzito wa mgonjwa. Majani ya mstafeli yana kemikali iitwayo annonacin inayodhuru neva, na katika kisiwa cha Guadeloupe, watu waliotumia sana tunda na chai yake wamehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Kumpa hiyo mtu ambaye dawa yake tayari inachosha neva ni kuongeza kuni. Shubiri itamharisha. Mwarobaini na mchanganyiko wa chupa usio na jina vinaweza kuligusa ini lilelile linalotakiwa kusafisha dawa. Na kama tayari amekunywa kitu, daktari aambiwe jina lake bila kufichwa. Tatizo kubwa zaidi la mitishamba huwa ni kule kufichwa: vipimo vya ini vinapanda, dawa sahihi inalaumiwa na kusimamishwa.

Kazi yako. Mizunguko minane kwa siku tatu za safari na dripu ni siku 24. Likizo ya mwaka kwa sheria ya ajira ya Tanzania Bara ni siku 28, hivyo ukimaliza yote kwenye usindikizaji, homa ya siku ya 10 itakukuta huna siku. Ongea na mwajiri sasa, mkononi ukiwa na ratiba ya tarehe zote nane, uombe kuigawa. Safari za katikati msindikizaji anaweza kuwa dada yake, mradi daftari liende naye. Wewe bakiza siku kwa ajili ya siku ya 3 na ya 4, na uwe unapatikana kwenye simu siku ya 7 hadi ya 14. Bima, ulizeni kibali cha kila mzunguko kabla ya kusafiri. Fedha zikikwama, kabla ya kuuza kiwanja pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali.

Umeuliza pia, kwa namna, useme nini. Akisema "nimechoka, naacha", usimkatize na "usiseme hivyo". Muulize amechoka na kipi. Mara nyingi ni kitu chenye jina: vidonda vya kinywa, kukosa usingizi, sindano ya kutafuta mshipa. Kikiwa na jina kina dawa, na kinaingia kwenye daftari. Akilia, kaa. Na watoto waambieni ukweli mfupi: mama ana saratani, dawa ndiyo inamfanya aishiwe nywele, si kosa la mtu, haiambukizi, shule mtaendelea kwenda.

Nawe chagua mtu mmoja, kaka au rafiki, akushike zamu usiku mmoja kila mzunguko, ulale. Usiku wa siku ya 16 unafaa.

Baada ya dripu ya nane daftari lisitupwe. Huenda akafuata mionzi, na kama saratani yake inatumia homoni, kidonge cha tamoxifen cha kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Nywele huanza kurudi mwezi mmoja au miwili baada ya dawa ya mwisho, mara nyingine zikiwa laini au za kujikunja kuliko za zamani. Akianza mionzi, fungua ukurasa mpya uandike tena: siku ya 1.